Mchezo wa Gari la Moshi

Leo mna ruhusa ya kutucheka. Twataka kuwaandikia habari za mchezo wa simu, sisi ambao kila Jumamosi twawakemea watoto wa watu kwa ajili ya simu zao. Lakini mkiisha kucheka, tafadhali someni mpaka mwisho, maana mchezo huo ulituingiza katika neno ambalo hatukulitafuta.

Mambo yalianza hivi. Hapa Lubumbashi twafundisha vijana wanaojitayarisha kupokea Kipaimara. Mafundisho twayafanya chini ya mwembe, kwa kuwa chumba chetu ni kidogo na mabati yake yachoma kama jiko la makala. Siku hiyo tulikuwa tukieleza amri ya nane, Usiseme uongo. Tena tulikuwa tukiieleza vizuri, kwa mifano, na maneno yetu wenyewe yalikuwa yametupendeza. Ndipo tulipomwona kijana mmoja wa miaka kumi na minne amekiinamia kitabu chake kwa bidii isiyo ya kawaida. Tulimwendea polepole. Ndani ya kitabu mlikuwa na simu.

"Unatazama nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

Wenzake wote waliangua kicheko, kwa maana amri ya nane ilikuwa ingali ubaoni. Tuliichukua simu, tukamwambia atairudishiwa Jumamosi ijayo, mzazi wake akija.

Jioni, tulipokwisha kula bukari yetu, umeme ulikatika kama desturi yake. Tukaitoa simu ile mfukoni ili itumulikie. Haikuwa na kufuli, na picha ya mchezo ilikuwa bado pale. Tuliona reli ndogo, nyasi za kijani kibichi, na mbwa wawili waliovaa kama watu wa safari. Tulisema tutatazama mara moja tu, ili tujue vijana wanapotezea akili zao wapi. Saa tano ya usiku simu ilizimika kwa kuishiwa moto, nasi tulikasirika kana kwamba ni sisi tulionyang'anywa.

Yafaa tueleze mchezo wenyewe. Jina lake ni Railbound. Ulitengenezwa na kundi dogo la Upoland liitwalo Afterburn, ukatoka mwaka wa 2022. Umepewa kiwanja cha vyumba-vyumba, kama daftari la hesabu. Mahali fulani pana kichwa cha gari la moshi, na mahali pengine pana mabehewa yenye namba: la kwanza, la pili, la tatu. Kazi yako ni kulaza reli, kuzipinda na kuziunganisha, ili kila behewa likifikie kichwa kwa zamu yake. La pili likitangulia mbele ya la kwanza, umeshindwa. Yakigongana, umeshindwa. Na reli ulizopewa zina hesabu. Huwezi kuzitapanya kama mali ya mjomba. Mbele zaidi huja mahandaki, na vizuizi vinavyofungwa na kufunguliwa kwa wakati wake. Ukiisha kupanga, wabonyeza, mabehewa yote yaanza kutembea kwa pamoja, nawe huwezi kugusa kitu tena, waangalia tu.

Hakuna saa inayokufukuza, hakuna adui, hakuna bunduki. Ukikosa, wabonyeza kidude kimoja, mambo yote yarudi kama yalivyokuwa. Ndiyo maana watu husema mchezo huu hupumzisha moyo. Nasi twashuhudia kwamba ni kweli, ingawa macho yetu kesho yake yalikuwa mekundu.

Labda mtu atauliza: reli na kompyuta zimekutania wapi? Kumbe ni ndugu wa tangu zamani. Katika chuo cha MIT, huko Marekani, kulikuwa na chama cha wanafunzi waliopenda magari ya moshi madogo ya mezani, kilichoanzishwa mwaka wa 1946. Chini ya meza yao walifunga nyaya na swichi nyingi mno ili kuongoza vijigari vyao. Vijana wa chama hicho walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzishika kompyuta za chuo kwa mchezo, na mwaka wa 1962 Steve Russell na wenzake walimaliza Spacewar!, mmojawapo wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta. Basi kijana wetu chini ya mwembe ana babu zake wengi.

Na sisi wa Lubumbashi tuna haki gani ya kushangaa reli? Mji wetu ni mtoto wa reli. Njia ilitoka kusini, ikapita Sakania, ikafika hapa mwaka wa 1910, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Mwaka wa 1918 reli ikafika Bukama, kwenye mto Lualaba. Mwaka wa 1928 ikafika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Mwaka wa 1931 njia ya Dilolo ikaungana na ile ya Benguela iendayo bahari ya Lobito. Na mwaka wa 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo. Hizo zote ni reli nyembamba, upana wake milimita 1,067 tu. Pale Tenke, ambapo njia ya Dilolo na njia ya Kamina zaachana, twadhani mtengenezaji wa mchezo angekaa siku nzima bila kula, kwa furaha.

Baba yetu alifanya kazi ya reli. Hatutataja kampuni wala kituo, maana habari tunayoileta si ya kampuni wala ya kituo. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia. Mahali reli moja inapozaa mbili, pana ulimi wa chuma. Ukiusukuma vidole vichache upande huu, behewa huenda kulia. Ukiuvuta upande ule, huenda kushoto. Katika viwanja vya kupanga mabehewa ulimi huo huendeshwa na mkono wa mtu, kwa wenzo mrefu wenye uzito kichwani mwake. Mchana na usiku, jua na mvua. Tangu utoto wetu tuliijua mikono yake, migumu kama mataruma.

Sasa ana miaka sabini na minne, akaa kwetu, na hasemi sana. Kila usiku, gari la moshi likipiga honi kule relini, huinuka, huenda mlangoni, husimama mpaka sauti iishe kabisa. Sisi na mke wetu tulisema: mzee aikumbuka kazi yake, aipenda. Hata tuliwaambia watoto wasimsumbue saa ile.

Siku ya tatu umeme ulirudi, tukaichaji simu ya watu bila aibu. Baba alikuja kuketi karibu nasi. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini gari linaendeshwa na mbwa. Tukamwambia ni mambo ya Wazungu. Akacheka, jambo ambalo hatukuliona siku nyingi. Halafu akaanza kutufundisha.

"La pili usilitume bado," akasema. "Lizungushe kwanza."

"Lakini tata, reli hazitoshi."

"Zatosha. Toa hiyo ya kona, ni ya bure. Anayetakiwa kuchelewa hupewa njia ndefu."

Tulifanya alivyosema, mabehewa yakaingia moja, mbili, tatu, kama watoto wanaoenda kukomunika. Sisi tuliosoma seminari, tuliofundishwa Kilatini na mantiki, tulikuwa tumehangaika na fumbo lile siku mbili. Yeye aliyeishia darasa la nne alilifungua kabla chai haijapoa. Usiku ule tulicheza pamoja mafumbo kumi au zaidi. Alikataa kugusa kioo. Alionyesha kwa ncha ya fimbo yake, nasi tulilaza reli. Twasema kweli, miaka mingi hatukuwa na jioni nzuri kama ile. Hakuna mtu aliyening'inia juu ya mabehewa yale, hakuna mzigo unaoanguka. Nchi yetu imeyaona mengine: tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, gari la mizigo lililobeba watu wasioandikiwa safari lilianguka, wakafa zaidi ya 60. Sisi tulilitaja jambo hilo kwa ajili ya kuzungumza tu. Baba hakujibu.

Likaja fumbo lenye njia panda mbili zinazofuatana. Tulikosea. Behewa la pili lilifuata njia ya la kwanza, likaligonga kwa nyuma. Mchezo ukatoa moshi kidogo wa kuchekesha. Sisi tukacheka, tukabonyeza kidude, mabehewa yakarudi mahali pake.

"Umefanya nini hapo?" baba akauliza.

"Tumerudisha, tata. Ukikosa wabonyeza hapa, yote yaanza upya."

"Yote?"

"Yote."

Aliinuka akatoka nje, na honi haikuwa imepigwa. Tulingoja. Mke wetu akatuashiria kwa macho, tukamfuata. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya mlingoti, nasi kwa mara ya kwanza tuliona jinsi alivyoushika: kama mtu ashikaye wenzo.

Alitueleza bila kututazama. Ilikuwa mwaka wa 1983, usiku, mvua kubwa. Kichwa cha gari kilikuwa kikisukuma mabehewa na kuyaachia yatembee yenyewe, moja moja. La kwanza lilitakiwa njia ya tatu, la pili njia ya pili. Kati ya la kwanza na la pili ilimpasa kugeuza ulimi. Kazi ya kuhesabu mpaka kumi. La kwanza lilipita. Yeye alikuwa ameingia kibandani kuwasha sigara, maana vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, na kiberiti kilikuwa kimelowa. Alipotoka, la pili lilikuwa limekwisha kupita juu ya ulimi, likielekea njia ya tatu. Huko njia ya tatu rafiki yake alikuwa ameingia kati ya behewa la kwanza na gari lililosimama, akiyafunga kwa mnyororo. Kazi yake ilikuwa hiyo hasa. Baba alipiga kelele. Mvua ilikuwa juu ya mabati ya ghala, hapana aliyesikia.

Rafiki yule alikufa siku ya pili. Alikuwa na mke na mtoto mmoja wa miaka miwili.

"Wakaniuliza," baba akasema. "Nikajibu kwamba mabehewa yote mawili yalitakiwa njia ya tatu, na kwamba yeye alikatiza reli mbele ya la pili. Nikasema alikuwa amekunywa. Amri ilitolewa kwa taa, na katika mvua ile hakuna aliyeweza kuapa kwamba aliiona. Wakaandika hivyo."

Tulinyamaza. Miaka kumi twafundisha amri ya nane, wasomaji wapendwa. Twajua kueleza uongo mdogo na uongo mkubwa, na kusingizia, na kuchongea, na wajibu wa kurudisha jina jema la mtu kama vile mwizi anavyopaswa kurudisha kuku. Yote tumeyaandika ubaoni kwa chaki nyeupe. Na usiku ule hatukupata neno hata moja. Jambo lililotutia uchungu zaidi si uongo wenyewe. Ni kwamba miaka yote aliyosimama mlangoni, sisi tulijisifu kwamba twamwelewa.

Alituuliza swali moja: mtoto yule yuko wapi sasa? Kumbe alijua. Alijua siku zote. Yuko Likasi, ni fundi wa kuunga vyuma kwa moto, ana nyumba yake. Mjane alikwisha kufariki. Huko nyuma baba alikuwa akimpelekea fedha kidogo mara mbili kwa mwaka, kwa mkono wa mtu mwingine, bila jina. Mama yetu alikufa bila kujua fedha zile zilikwenda wapi, na twakumbuka ugomvi wao.

Mambo yake na padri si yetu kuyasimulia. Jumamosi tulimrudishia kijana simu yake, mbele ya mama yake, nasi tulikiri kwamba tuliitumia bila ruhusa. Kijana alifungua mchezo, akatazama, akasema kwa mshangao, "Mwalimu, umefika mbali kuliko mimi!" Tukamwambia kuwa si sisi, ni mzee mmoja wa reli.

Jumatatu tulipanda basi kwenda Likasi, kilomita kama 120. Zamani baba angekwenda kwa gari la moshi, lakini siku hizi barabara ndiyo imemeza safari, nayo imejaa malori ya shaba na kobalti yanayokwenda kasikazini na kusini kama siafu. Njiani hakusema kitu. Mara moja tu, tulipoiona reli karibu na barabara, alisema kwamba mataruma yaliyokuwa pale yalikuwa mabaya.

Mwana wa marehemu ni mtu mnene, mpole, mwenye alama za cheche mikononi. Alidhani tumekuja kuagiza mlango. Aliposikia jina la baba yake alituletea viti, akamwita mkewe alete maji. Baba alikataa kuketi. Alisema maneno yale yale aliyotuambia mlangoni, kwa mpango ule ule, hata sigara na kiberiti kilicholowa. Hakuomba lolote. Sisi tulikuwa tumetayarisha maneno ya kumsaidia, tumeyaandika hata kwenye karatasi. Karatasi ilibaki mfukoni.

Yule mtu alikaa kimya muda mrefu. Mtoto wake mdogo alikuwa akicheza na vipande vya vyuma, tlang, tlang, naye hakumkataza. Halafu akasema: "Mimi sijaonja pombe maisha yangu yote. Mama aliniapisha nikiwa na miaka saba. Aliniambia, baba yako alikufa kwa ulevi, alikatiza reli kama mbuzi. Shuleni watoto waliniita Mwana wa Mbuzi."

Baba akasema, "Hakunywa. Alikuwa na munkoyo wa mkewe katika chupa, hata hakuufungua."

"Mama alikufa akiamini."

"Najua."

Tulifikiri atatufukuza, na tungeona ni haki. Au atalia. Yeye aliinuka, akaingia katika karakana, akatoka na kipande cha waya mgumu, akampa baba. Akasema, "Tata, nichoree. Sijapata kuelewa ilikuwaje. Siku zote najaribu kuiona, na reli hazikubali."

Baba alichuchumaa, kwa shida, tukamshika bega. Akachora katika mavumbi ya uwanja: reli moja, kisha ulimi, kisha njia ya pili na njia ya tatu. Akachora kibanda. Akachora kichwa cha gari, mbali. Yule mtu alichuchumaa upande wa pili, akauliza hili na lile, umbali, mteremko, taa ilikuwa wapi. Fundi wa vyuma aelewa upesi. Kwa mabehewa walitumia vipande vya chuma vya mtoto. La kwanza likapita, likasimama. La pili baba akalisukuma kwa kidole, polepole, juu ya ulimi usiogeuzwa, mpaka njia ya tatu, na kidole chake kilitetemeka.

Yule mtu akaokota kijiwe cheupe, akakiweka juu ya reli, mbele ya behewa la pili, mahali ambapo mama yake alimwambia.

Baba akakiondoa. Akakishika kiganjani kidogo, kisha akakiweka ndani, kati ya behewa la kwanza na gari lililosimama.

"Hapa," akasema. "Alikuwa mahali pake."